Kromosomu za Ndege Jamii ya Shomoro: Mageuko Yake na Istilahi Zake

Mwalimu mmoja wa Mpui, katika nyanda za juu za Ufipa, ametuletea swali ambalo kwa juu juu laonekana dogo. Alikuwa akiwaeleza wanafunzi wake namna mtoto apatavyo jinsi yake: kwamba mama hutoa kromosomu ya X, na baba hutoa ama X ama Y, na kwa hiyo mbegu ya baba ndiyo iamuayo kama mtoto atakuwa wa kiume au wa kike. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Na ndege je, mwalimu?" Mwalimu akajibu kwamba kwa ndege ni vivyo hivyo. Baadaye akaingiwa na shaka, akatafuta maandishi ya kitaalamu juu ya mageuko ya kromosomu za ndege, akakuta kwamba jibu alilolitoa lilikuwa kinyume cha kweli. Alipotaka kuwarudia wanafunzi na kulisahihisha, maneno yalimwia haba. Ametuomba tumsaidie kwa istilahi.

Jambo hili lina uzito. Zingali zipo nyumba ambamo mke hulaumiwa kwa kuzaa mabinti watupu, na somo la kromosomu ndilo limwondolealo lawama hiyo. Lakini mwalimu aliyeteleza juu ya kuku na shomoro ambao watoto huwaona kila siku, atasadikiwaje juu ya watu? Tena, mtafsiri akiandika tu kwamba "jike ndiye aamuaye jinsi" bila kutaja kwamba asemwaye ni ndege, atakuwa ameirudisha lawama ile ile kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo katika makala haya tutaeleza kwanza mambo yenyewe, na kila tufikapo penye neno gumu tutasimama kulipima. Mwishoni tutatoa orodha.

Jina la kundi

Msafiri atokaye Tunduma kwenda Sumbawanga hupita Laela, kisha Mpui. Akiketi hapo barazani saa moja tu wakati wa mvua, ataona ndege wa namna nyingi: shomoro juu ya bati, kunguru jalalani, minana na kwelea katika ulezi, chozi katika maua, shore katika miti ya uani, mbayuwayu wakikata hewa juu ya mashamba, kipozamataza akitembea chini mahali penye nyasi fupi, na kidenenda, yule ndege mdogo wa nyasini aliye vigumu kuonekana mpaka arukapo. Ndege hawa wote, kwa mujibu wa wataalamu, ni wa oda moja. Oda hiyo ina spishi zaidi ya 6,000 kati ya spishi 11,000 hivi za ndege wote duniani. Yaani zaidi ya nusu.

Waingereza huwaita ndege hawa kwa jina litokanalo na tabia ya kutua tawini. Baadhi ya watafsiri wetu wameifuata njia hiyo na kuandika "ndege watuao" au "ndege wa matawini". Jina hili halifai, kwa sababu mbili. Kwanza, njiwa hutua tawini, mwewe hutua tawini, na kuku hulala juu ya kitulio. Wala hakuna hata mmoja kati yao aliye wa oda hii. Pili, kipozamataza, ambaye ni wa oda hii, huishi zaidi chini kuliko mtini. Alama ya kweli ni mguu wenye vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, vyote vikiwa vimeungana na mguu mahali pamoja, pamoja na sifa nyingine za mifupa na za mbegu za dume. Jina la kisayansi halitaji kutua hata kidogo: limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya shomoro. Kwa hiyo twapendekeza "ndege jamii ya shomoro". Istilahi hii yaeleweka na mtoto wa shule, na tena haidanganyi.

Kromosomu na ngeli yake

Kromosomu ni uzi uliomo ndani ya kiini cha seli, uliosukwa kwa DNA na protini, na ndimo zikaamo jeni. Neno hili lilibuniwa mwaka 1888 na Mjerumani Waldeyer kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, la rangi na la mwili, kwa kuwa nyuzi hizi hukolea rangi sana zikitayarishwa kwa ajili ya hadubini. Kiswahili kimelipokea neno lenyewe, na hatuoni haja ya kulibadili. Kilichobaki ni ngeli. Wengine husema "kromosomu hili, makromosomu haya", wengine "kromosomu hii, kromosomu hizi". Twashauri ya pili, kwani ndiyo ifuatwayo na "jeni", "seli" na "protini", na masomo haya hayatengani.

Kila spishi ina idadi yake ya kromosomu. Binadamu ana 46, kuku ana 78, shomoro wa majumbani ana 76. Ndege mmoja mdogo wa Australia, mwenye michirizi kama ya punda milia, ambaye hapa tutamwita chiriku-milia, ana 80; naye ametumika sana katika uchunguzi, hata jenomu yake ilichapishwa mwaka 2010, ikawa ya pili kwa ndege baada ya ile ya kuku ya mwaka 2004.

Msomaji atashangaa kwamba kuku amemshinda binadamu kwa idadi. Sababu ni kwamba nyingi kati ya kromosomu za ndege ni ndogo mno. Chache ni kubwa, zaonekana wazi. Zilizobaki ni kama vumbi chini ya hadubini. Hata hivyo vumbi hilo lina mali: jeni zimesongamana humo kuliko katika zile kubwa. Hapa watafsiri wametumia "maikrokromosomu", neno refu la silabi saba, ilhali lugha yetu inayo njia yake ya kudogosha iliyo fupi na ijulikanayo na kila mtu. Tukisema "kijito" kwa mto mdogo na "kijiji" kwa mji mdogo, hatuna budi kuruhusu "kikromosomu", wingi "vikromosomu". Kiambishi ki- chafanya kazi ile ile ya kiambishi cha Kigiriki, wala hakigharimu kitu.

Mageuko, si mageuzi

Maneno haya mawili yametoka katika shina moja, lakini matumizi yamekwisha kuyatenga. "Mageuzi" ni mabadiliko yaletwayo na watu kwa makusudi: mageuzi ya uchumi, mageuzi ya elimu. "Mageuko" ni mabadiliko yajayo yenyewe, kizazi baada ya kizazi, bila mtu kuyaamuru. Kwa ndege, basi, tuseme mageuko.

Mageuko ya kromosomu za ndege yana tabia ya pekee: ni ya polepole sana. Spishi nyingi zilizopimwa zina kromosomu karibu na 80, na mpangilio huo ni wa kale kuliko ndege wenyewe, ukirudi hadi kwa mababu zao dinosaria. Katika jamii ya shomoro mpangilio huo umehifadhiwa kwa sehemu kubwa, japokuwa spishi zenyewe zimeongezeka kwa maelfu. Lakini kuhifadhiwa si kuganda. Yako mabadiliko ya aina nne, nayo yanahitaji majina yasiyogongana.

La kwanza ni kromosomu moja kuwa mbili. Wengi huandika "kugawanyika". Tatizo ni kwamba neno hilo limekwisha kutumika kwa seli igawanyikapo kuwa seli mbili, na katika sentensi moja yaweza kuhitajika kusema yote mawili. Twapendekeza "kukatika", na jina lake "mkatiko". La pili ni kromosomu mbili kuwa moja: "kuungana", na "muungano". La tatu ni kipande kutoka katika kromosomu moja na kwenda kushikamana na nyingine: "kuhama", na "uhamaji wa kipande". La nne ni kipande kugeuka mahali pake, kichwa kikawa mkia: "kupinduka", na "mpinduko". Asitumie mtu "mapinduzi" hapa, wala asiogope "muungano" kwa kuwa ni neno la siasa, muktadha utaonyesha.

Mfano wa mpinduko watoka Amerika ya Kaskazini, kwa ndege mmoja mwenye koo jeupe na michirizi kichwani. Ndani ya spishi hiyo moja wamo wenye michirizi myeupe na wenye michirizi ya kahawia, nao hutofautiana hata kwa ukali. Na karibu kila mara mweupe huoana na wa kahawia. Tofauti yote hiyo imefungwa katika mpinduko mkubwa wa kromosomu ya 2: weupe wanao, wa kahawia hawana.

Namba zinazodanganya

Mtafsiri atakutana na "kromosomu ya 1A" na "kromosomu ya 4A". Kwa kuwa herufi ni moja, ni rahisi kudhani kwamba historia ni moja, na kuandika kwamba zote mbili ni vipande vilivyokatika. Sivyo.

Namba hizi zilitolewa kwa kufuata kuku, kwa kuwa ndiye aliyesomwa kwanza. Katika jamii ya shomoro, kile kilicho kromosomu moja kwa kuku, ile ya 1, ni kromosomu mbili: 1 na 1A. Hapo kwa kweli kulikuwa na mkatiko, uliotukia katika ukoo wa jamii ya shomoro. Lakini ukiwalinganisha na ndege wengine utaona kwamba 4 na 4A zilikuwa mbali tangu kale. Aliyeziunganisha ni kuku na jamaa zake. Kwa hiyo 1A ni mtoto wa mkatiko, na 4A ni ya asili iliyoonekana kama kipande kwa sababu tu ilipimwa kwa kibaba cha kuku. Mtafsiri asiyejua hili atageuza mambo chini juu, na msomaji wake hatakuwa na njia ya kugundua kosa.

Kromosomu za jinsi

Sasa tumefika kwenye swali la Mpui. Kwanza tutenge "jinsi" na "jinsia". "Jinsi" ni hali ya kimaumbile ya kuwa wa kike au wa kiume. "Jinsia" ni nafasi na wajibu ambao jamii humpa mtu kwa sababu ya hali hiyo. Ndege ana jinsi. Jinsia ni mambo ya watu. Kwa hiyo tuseme "kromosomu za jinsi", na zile nyingine zote tuziite "otosomu".

Kwa binadamu mwanamke ana XX na mwanamume XY. Kwa ndege dume ana kromosomu mbili zilizo sawa, ziitwazo Z, na jike ana Z moja na W moja. Mbegu zote za dume, basi, zina Z. Bali mayai ya jike ni ya namna mbili, yenye Z na yenye W. Yai ndilo lenye kuamua kama kifaranga atakuwa jogoo au tembe. Herufi nyingine zilichaguliwa kwa makusudi, ili mtu asidhani kwamba Z ni X na W ni Y. Wala si herufi tu: jozi hizi mbili zimetokana na otosomu tofauti kabisa. Kwa kuku imethibitishwa kwamba jeni iitwayo DMRT1, iliyomo katika Z, ndiyo mhimili: akiwa nayo mara mbili kifaranga hufanya korodani, akiwa nayo mara moja hufanya ovari.

Hivyo, mtu asiandike "kromosomu ya kiume" kwa Y au "kromosomu ya kike" kwa W kana kwamba ni kanuni ya viumbe vyote. Aandike herufi, ataje na kiumbe. Sentensi salama ni hizi: "Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo iamuayo jinsi ya mtoto. Kwa ndege, yai la mama ndilo liamualo." Zisemwe pamoja, moja isiachwe bila mwenzake. Na neno "huamua" lenyewe liangaliwe: si baba wala kuku achaguaye, ni bahati ya mbegu au yai lililotangulia. Hakuna wa kulaumiwa katika nyumba yoyote.

Z na W zilikuwa jozi moja iliyofanana, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Kromosomu za jozi, wakati wa kutengeneza mbegu na mayai, hubadilishana vipande; na huo ubadilishanaji ndio unaosafisha hitilafu. Z na W zilipoacha kubadilishana kwa sehemu kubwa, W ilibaki peke yake, jeni zake zikafa moja baada ya nyingine.

Hapa ndipo ndege wa Mpui wanapogawanyika katika nyumba mbili. Mbayuwayu, shore, kipozamataza, kidenenda, na wale ndege wadogo wa rangi ya kijani wenye duara nyeupe kuzunguka jicho, wote ni wa kundi moja liitwalo Silvioidea. Shomoro, mnana, kwelea, chozi na kunguru hawamo. Katika ukoo wa Silvioidea, kiasi cha miaka milioni 24 iliyopita, sehemu ya kromosomu ya 4A, ile ile tuliyoieleza, iliungana na kromosomu za jinsi. Jeni zilizokuwa za otosomu zikawa sasa zarithiwa pamoja na jinsi, na nakala zilizoshikamana na W zikaanza safari ya kuharibika ambayo W yenyewe ilikwisha kuipita zamani.

Baadhi hawakuishia hapo. Kwa kidenenda wa spishi ya Cisticola juncidis, aliyeenea Afrika na nje yake, imeongezeka sehemu ya kromosomu ya 4. Kwa jamii ya kipozamataza zimeongezeka sehemu za 3 na 5, hata kromosomu zao za jinsi ni kubwa kuliko za ndege wengine wote waliopimwa. Na mwaka 2022 ilichapishwa habari ya ndege wetu wa Afrika, Sylvietta brachyura, mdogo mwenye mkia mfupi hata aonekana kama hana, apatikanaye Kenya, Uganda na kaskazini mwa Tanzania: kwake yeye ni sehemu ya kromosomu ya 8 iliyoungana na zile za jinsi. Uchunguzi huo huo ulithibitisha kwamba jamii ya shore nayo ina ule muungano wa 4A. Kwa jumla miungano mitano tofauti imethibitishwa katika kundi hili moja, ilhali kwa ndege wengi mambo haya ni nadra.

Kwa Kiingereza kromosomu za namna hii hupewa kiambishi chenye maana ya "mpya". Tukitafsiri neno kwa neno tutapata "kromosomu mpya za jinsi", na msomaji atadhani zimezuka juzi, au kwamba zile za zamani zimetoweka. Kilichotukia ni nyongeza: nyumba ni ile ile, imeongezwa chumba. Twapendekeza "kromosomu za jinsi zilizopanuka".

Kromosomu ya nasaba

Limebaki jambo moja, la ajabu kupita yote. Mwaka 1998 wachunguzi wawili wa Argentina, Pigozzi na Solari, walieleza kromosomu moja ya ziada katika chiriku-milia, iliyomo katika seli zitengenezazo mbegu na mayai tu. Katika damu, misuli, ini na ubongo haimo. Tena ndiyo kubwa kuliko zote za ndege huyo. Wakati wa kutengeneza mbegu za dume hutupwa nje, na kwa hiyo kwa kawaida kifaranga huirithi kwa mama. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni kioja cha ndege wachache. Lakini mwaka 2019 ilitangazwa kwamba imepatikana katika spishi zote 16 za ndege wa jamii ya shomoro waimbao zilizochunguzwa, wala haikuonekana kwa ndege wa oda nyingine waliolinganishwa nao. Miongoni mwa waliochunguzwa ni mbayuwayu wa kingo za mito, ambaye huja Afrika Mashariki kila mwaka kukimbia baridi ya Ulaya na Asia. Ukubwa na jeni za kromosomu hiyo hutofautiana sana baina ya spishi na spishi, hata zilizo za karibu.

Tuiite nini? "Kromosomu ya uzazi" haifai, kwani msomaji ataichanganya na kromosomu za jinsi. "Kromosomu ya mbegu" haifai, kwani mbegu ndimo inamotupwa. Maelezo ya "kromosomu ya seli za uzazi tu" ni sahihi lakini hayawezi kurudiwa mara 20 katika ukurasa mmoja. Twapendekeza "kromosomu ya nasaba". Nasaba ni mfululizo wa ukoo toka mzazi hadi mtoto. Na seli zitengenezazo mbegu na mayai ndizo pekee zenye kupita toka kizazi hiki hadi kile. Hivyo tutakuwa na "seli za nasaba" upande mmoja na "seli za mwili" upande wa pili, na kromosomu hii ni ya upande wa kwanza.

Istilahi zinazopendekezwa

ndege jamii ya shomoro: oda ya ndege wenye vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, wakiwamo shomoro, kunguru, shore na mbayuwayu.

kikromosomu (vi-): kromosomu ndogo mno, aghalabu yenye jeni nyingi kwa ukubwa wake.

mageuko: mabadiliko ya viumbe toka kizazi hadi kizazi.

mkatiko: kromosomu moja kuwa mbili.

muungano: kromosomu mbili, au kromosomu na kipande, kuwa moja.

uhamaji wa kipande: sehemu ya kromosomu kuhamia kromosomu nyingine.

mpinduko: sehemu ya kromosomu kugeuka mahali pake.

ubadilishanaji: kromosomu za jozi kupeana vipande wakati wa kutengeneza mbegu na mayai.

kromosomu za jinsi: jozi ihusikayo na kuwa wa kike au wa kiume, kwa binadamu X na Y, kwa ndege Z na W.

otosomu: kromosomu yoyote isiyo ya jinsi.

kromosomu za jinsi zilizopanuka: kromosomu za jinsi zilizoungana na otosomu au sehemu yake.

seli za nasaba: seli zitengenezazo mbegu na mayai.

kromosomu ya nasaba: kromosomu iliyomo katika seli za nasaba tu.

Haya ni mapendekezo, wala hayajawa sheria. Walimu wayajaribu darasani, watafsiri wayajaribu kalamuni, na penye kukwama watuandikie. Tungependa pia kuletewa majina ya ndege katika lugha zetu za asili, Kifipa kikiwamo. Kiswahili hakijaona haya kuchukua "ng'atuka" kwa Wazanaki. Hakitaona haya kuchukua jina la kidenenda mmoja wa nyasini kwa watu ambao wamemsikia akiimba katika mashamba yao tangu enzi na enzi.

Na kwa mwalimu wa Mpui: warudie wanafunzi wako bila soni. Waambie kwamba kwa watu ni mbegu ya baba, na kwa ndege ni yai la mama. Na kwamba wewe mwenyewe ulikosea, ukatafuta, ukapata.